Swali Moja, Majibu Mawili, Kreti Moja la Soda

Lilikuwa swali la kufungua pazia tu, la kuwapa watu pointi ya bure wakiwa bado wanasubiri nyama: maji huchemka yakifika nyuzi joto ngapi? Meza tatu ziliandika 100. Meza ya nne, iliyokuwa karibu na jiko, iliandika "97, hapa Moshi". Nikawanyima pointi. Dada aliyeandika jibu lile ni mtu wa maabara. Akasimama, akaniuliza kwa upole kabisa kama nimewahi kutumbukiza kipimajoto kwenye sufuria ya nyumbani kwangu. Sikuwahi. Nikang'ang'ania karatasi yangu, watu wakacheka, na usiku ule meza yao ikakosa kreti la soda kwa pointi moja.

Dada yule alikuwa sahihi, na mimi ndiye mtunga maswali. Chemsha bongo yetu hufanyika kila mwisho wa mwezi kwenye grosari moja ya Majengo, na tangu usiku ule nimelipitia daftari langu swali kwa swali, kalamu nyekundu mkononi. Nilidhani nitakuta makosa ya majibu. Nikakuta makosa ya maswali. Ugomvi mwingi wa chemsha bongo hauzuki kwa sababu kuna mtu hajui. Unazuka kwa sababu swali limemeza sharti lake: kwa kipimo kipi, mahali gani, mwaka gani, kwa sheria ya nani. Ile 100 yangu ni jibu zuri la swali ambalo sikuliuliza.

Tuanze na sufuria hiyo hiyo. Maji huchemka pale msukumo wa mvuke wake unapolingana na mgandamizo wa hewa iliyoyalalia juu. Ukiwa ufukweni, Tanga au Dar es Salaam, hewa hiyo ni nzito kiasi cha kuyashikilia mpaka nyuzi 100. Ukianza kupanda, hewa inapungua uzito, na maji yanapata upenyo wa kuruka mapema. Kwa hesabu ya haraka, kila mita 300 unazopanda zinakupunguzia nyuzi moja. Moshi mjini tuko kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo 97. Arusha wako kwenye 1,400 hivi, kwa hiyo 95 na kitu. Kileleni Uhuru, juu ya Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanatokota yakiwa na nyuzi 80 au 81 tu.

Sasa fikiria kupika makande kambi za juu kule. Maji yatatokota, yatafurika, yatazima jiko, na bado maharage yatagonga meno. Chakula kinaiva kwa joto, na mapovu hayana mchango wowote hapo. Ukiongeza moto, unaongeza mvuke tu. Joto la maji halisogei. Sufuria la presha linafanya kazi kwa kuugeuza mchezo huo huo: linaufungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, maji yanalazimika kupita 100 ndipo yachemke. Kwa hiyo mama wa Arusha anayelalamika kwamba maharage yake yanachelewa kuliko ya dada yake wa Dar hasingizii mkaa. Ana fizikia upande wake.

Kwa kuwa tumeshakaa na maji, kuna lile lingine ambalo Watanzania tunalipenda kwa sababu lina jina la mwenzetu: maji ya moto na ya baridi yakiwekwa kwenye friza, yapi yataganda kwanza? Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friza zilikuwa zinakwisha, akaona asisubiri maziwa yake yapoe, akayasukumiza ndani yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi chuoni akalijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education, na wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapo juu tu, mwendo mfupi wa gari kutoka mjini kwetu. Kila nikilitaja hilo grosari, kuna mtu anaapa kwamba ni Iringa peke yake. Ni kote huko. Kijana alikuwa anahama na swali lake.

Lakini jibu? Hapa ndipo nilipokuwa nawaumiza watu kwa miaka. Nilikuwa nahesabu "ya moto" kuwa sahihi, basi, kana kwamba ni kanuni ya kila friza na kila bakuli. Kwanza, kuganda ni nini? Kufika nyuzi 0? Kuanza kushika ukoko wa barafu? Au kuwa jiwe mpaka chini? Hayo ni matukio matatu yenye saa tofauti. Pili, sababu zinazotajwa ni nyingi na hazikai pamoja kila mara: maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa uvukizi, yana hewa kidogo iliyoyeyuka ndani yake, yanazunguka kwa kasi zaidi chomboni, na wakati mwingine chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake kikakalia sakafu ya friza vizuri zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima muda wa maji kushuka mpaka nyuzi 0 na kusema hawakuona ushahidi wa maana kwamba ya moto hutangulia. Wengine wanaendelea kubishana nao mpaka leo. Kwa hiyo ukiuliza jambo hili limepewa jina la nani, lala usingizi. Ukiuliza yapi huganda kwanza, andaa kreti mbili.

Mlima sasa. Ukiwa Moshi huwezi kuukwepa, hata ukijificha mawinguni ukadhani umesamehewa. Mlima mrefu kuliko yote duniani ni upi? Everest, mita 8,848.86 kwa kipimo cha China na Nepal cha mwaka 2020, ikiwa unapima kutoka usawa wa bahari. Ukipima kutoka kitako mpaka kichwa, Mauna Kea wa Hawaii unampita: juu ya maji una mita 4,207 tu, lakini kitako chake kiko kwenye sakafu ya bahari, na kimo chake chote kinazidi mita 10,000. Hayo mawili wajuaji wa chemsha bongo wanayajua.

La tatu ndilo lililonifurahisha mwenyewe mpaka nikaamka kitandani kulihesabu tena. Pima kutoka kiini cha dunia. Dunia haikuviringana sawasawa. Imetuna kiunoni na kubonyea kwenye ncha, kiasi kwamba kutoka kiini mpaka Ikweta ni mbali kwa kilomita 21 hivi kuliko kutoka kiini mpaka kwenye ncha. Mlima uliosimama juu ya kiuno hicho umepandishwa bure kabla hata haujaanza kuhesabiwa kimo. Bingwa kwa kipimo hiki ni Chimborazo wa Ecuador. Ila Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro, iko nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, wakati Everest iko karibu nyuzi 28 kaskazini. Piga hesabu: kilele cha Kibo kiko kilomita 6,384 hivi kutoka kiini cha dunia, cha Everest ni kilomita 6,382 na kitu. Tunampita kwa zaidi ya kilomita moja na nusu! Nililisoma hilo kwa sauti grosari na mzee mmoja akagonga meza: "Aise, mbona shuleni hawakutuambia?" Ukweli ni kwamba mpanda mlima halisikii hata kidogo, kwa sababu hewa nayo imetuna kiunoni pamoja na dunia, na mapafu yake yanajua usawa wa bahari tu. Lakini pointi ni pointi.

Na ile mita 5,895 ya Kibo yenyewe ni ya kipimo cha mwaka 1952. Vipimo vya setilaiti vya 1999 na 2008 vilitoa 5,892. Bango la kileleni limebaki na 5,895, vitabu vya shule vimebaki na 5,895, na mimi nimebaki nayo pia, ila sasa ninaandika pembeni kwamba anayeandika 5,892 asikatwe.

Mwezi wa tano tukaalika timu kutoka Arusha. Kila upande ulete maswali yake, ndiyo yalikuwa makubaliano, na machalii wa Arusha wakaja na swali walilojua litatuchoma: katikati ya Cairo na Cape Town ni mji gani? Jibu lao, bila haya, lilikuwa Arusha, pale Mnara wa Saa. Hadithi hiyo ina miaka mingi, kila mgeni anayepiga picha pale anasimuliwa, na mimi mwenyewe nimeisimulia.

Chukua ramani. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini, kwa hiyo katikati yao ni nyuzi 2 kusini. Mpaka hapo Arusha, iliyo nyuzi 3 na kitu kusini, haiko mbali, na nadhani hapo ndipo hadithi inapopata nguvu. Sasa angalia mashariki na magharibi. Cairo iko kwenye nyuzi 31 mashariki, Cape Town kwenye 18. Katikati ni karibu 25. Arusha iko kwenye 36 na nusu, mashariki hata kuliko miji yote miwili. Mstari ulionyooka kutoka Cairo hadi Cape Town unapata katikati yake ndani ya msitu wa Congo, zaidi ya kilomita 1,200 magharibi mwa Mnara wa Saa. Ili Arusha iwe katikati lazima useme "kwa barabara", kisha useme ni barabara ipi, maana ile njia kuu ya kutoka kusini hadi kaskazini ambayo Waingereza waliiota ilikuwa na michepuko mingi, na kila mchepuko unaihamisha katikati. Nahodha wao alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa soda, akasema: "Meku, sisi tumesema katikati, hatujasema mstari." Nikampa nusu pointi kwa ubishi mzuri.

Historia ndiyo yenye mitego mibaya zaidi, kwa sababu hapo kosa huwa tamu. Kwa nini mpaka wetu na Kenya umekunjwa pale kwenye mlima? Kila mtu anajua: Malkia Victoria alikuwa na milima miwili ya theluji, mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani hakuwa na hata mmoja, bibi akamzawadia Kilimanjaro siku ya kuzaliwa. Waongoza watalii wanaisimulia, na mgeni anacheka. Tatizo ni tarehe. Mstari ule ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1886. Wilhelm huyo hakuwa Kaiser mpaka Juni 1888. Mwaka 1886 aliyekalia kiti alikuwa babu yake, Wilhelm wa kwanza, mzee wa miaka karibu 90. Kilichoukunja mpaka ni mikataba na bandari. Mwaka 1885 Mjerumani Karl Jühlke alikuwa amepata mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye Wazungu walimwita Mandara, na Mwingereza Harry Johnston alikuwa amejipatia makubaliano yake Taveta mwaka mmoja kabla. Mezani Ulaya kila upande ukabaki na kile ulichoweza kukidai: mstari ukatoka pwani karibu na Vanga, ukapita Ziwa Jipe, ukazunguka mlima kwa kaskazini, ukaendelea hadi Ziwa Victoria. Mlima kwa Wajerumani. Mombasa na Taveta kwa Waingereza. Mkataba mwingine wa mipaka ukaja mwaka 1890, na wakati huo mjukuu alikuwa kweli Kaiser. Nahisi watu waliichanganya miaka hiyo miwili, halafu keki ya siku ya kuzaliwa ikaongezwa na mtu mwenye kipaji.

Kuna maswali ya historia ambayo mtego wake uko kwenye jina tu. Tanzania ilipata uhuru lini? Mkono wa kila mtu unaandika 9 Desemba 1961, lakini siku hiyo hapakuwa na Tanzania. Iliyopata uhuru ni Tanganyika. Zanzibar ikapata wake 10 Desemba 1963, mapinduzi yakafuata 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika rasmi 29 Oktoba mwaka huo huo. Au hili, ambalo nalipenda kuliko yote na ambalo limenipotezea rafiki mmoja: mkuu wa nchi wa Tanganyika siku ya uhuru alikuwa nani? Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa pili, akiwakilishwa na Gavana Jenerali Richard Turnbull, mpaka tulipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962 na Nyerere akawa Rais. Azimio la Arusha nalo lina tarehe mbili: lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa 5 Februari. Waandike ipi? Inategemea kama umeuliza lilipitishwa au lilitangazwa. Wageni wetu, wenye mnara mzima wa Azimio mjini kwao, waligawanyika wenyewe kwa wenyewe.

Michezo ningeipita haraka, maana mashabiki wa mpira hawahitaji msaada wa kugombana, isipokuwa riadha ndiyo iliyomaliza usiku ule. Riadha ina sheria zinazoamua jibu kuliko miguu inavyoamua. Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 huko Vienna mwaka 2019, na hiyo si rekodi ya dunia, kwa sababu hayakuwa mashindano ya wazi na wasindikizaji wake walikuwa wakipokezana njiani. Geoffrey Mutai alikimbia Boston mwaka 2011 kwa 2:03:02, kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kabla yake, ikakataliwa kuwa rekodi kwa sababu njia ya Boston inaanzia mahali pamoja na kuishia mbali na hapo, tena inateremka kupita kiwango. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, muda wake uliandikwa 2:09:48. Wa Amanal Petros wa Ujerumani, aliyepata fedha, pia uliandikwa 2:09:48. Walitofautiana kwa sehemu tatu za mia za sekunde, lakini mbio za barabarani huandikwa kwa sekunde nzima. Ukiuliza muda, wako sawa. Ukiuliza nani alishinda, hawako sawa hata kidogo. Na ukiuliza medali za Tanzania, taja ni mashindano gani, maana za Olimpiki mpaka hapo zilikuwa fedha mbili tu, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi kwenye mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000.

Bayi ndiye aliyetuamulia, au tuseme aliyekataa kutuamulia. Pointi zilikuwa sawa, likabaki swali la mwisho: Mtanzania huyu alikimbia mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa muda gani? Mbio zile wazee wa Karatu, alikozaliwa, bado wanazisimulia. Alitoka mbele tangu mwanzo, bila kumsubiri mtu, na hakuna aliyempata. John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye aliivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun na bado akawa wa pili. Rekodi ya dunia ya Bayi ilidumu mpaka Sebastian Coe alipoivunja 1979, na rekodi yake ya michezo hiyo ya Madola ilidumu mpaka 2022.

Arusha wakaandika 3:32.2. Moshi wakaandika 3:32.16. Kwenye daftari langu palikuwa na 3:32.2, na kalamu ilikuwa tayari inaelekea kwenye karatasi ya Moshi nilipomwona dada wa maabara ananitazama. Siku hizo rekodi za mita 1,500 zilisajiliwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo rekodi rasmi ikawa 3:32.2. Mashine ya umeme ilisoma 3:32.16. Mbio ni zile zile, mguu ni ule ule, na swali langu halikusema ni saa ya nani.

Nikaweka vema mbili. Kreti lina chupa 24, tukagawana 12 kwa 12. Dada akachukua chupa yake ya kwanza, akasema hiyo ni ya zile nyuzi 97 na haihesabiwi. Arusha waliondoka na zao kwenye gari, na mwenye grosari ananidai chupa tupu 12 mpaka leo.